Samadi ya farasi, punda na mbuzi: jinsi ya kuiozesha ikawa mboji katika mitaa ya Eastlands

Ndugu zetu wa Pwani walioko Nairobi, wengi maskani yao ni Eastlands: Pumwani, Eastleigh, Kaloleni, Buruburu, Umoja, Kayole na kwengineko. Siku hizi wengi wao wanapanda sukuma wiki, mchicha, kunde na dania kwenye magunia, ndoo na vipande vya ardhi kando ya ploti. Swali linaloulizwa kila mara ni hili: mbolea itatoka wapi, na je, hii samadi ya bure inafaa?

Jibu fupi ni kwamba inafaa sana, ila samadi iliyotoka zizini leo bado si mbolea. Kati ya samadi na mboji pana kazi ya miezi mitatu mpaka sita. Anayeiruka kazi hiyo huunguza mimea yake, na jirani zake huwaachia nzi, harufu na maradhi. Makala hii inaeleza kazi yenyewe, hatua kwa hatua, kwa mtu asiye na shamba wala mashine.

Samadi inapatikana wapi

Tukisema farasi, mtu wa Eastlands atacheka na kuuliza yuko wapi. Lakini historia inasema vyengine. Uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi ulikuwa huku huku upande wa Kariokor, mpaka ulipohamishiwa Ngong Road mwaka 1954. Jina limebaki kwenye barabara ya Race Course, ambayo maelfu hupita kila siku bila kujiuliza lilitoka wapi. Leo farasi wako upande wa pili wa jiji, katika mazizi ya Ngong Road na Karen. Huko hulazwa juu ya maranda ya mbao au nyasi kavu, na matandiko hayo huzolewa pamoja na mavi na mkojo.

Farasi mmoja mkubwa, wa kilo 450 hadi 500, hutoa kama kilo 23 za mavi na mkojo kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya tani 8, kabla hujahesabu matandiko. Mwenye zizi la farasi kumi ana mzigo ambao hajui aupeleke wapi, na mara nyingi atakushukuru ukienda na pikapu na magunia.

Walio karibu zaidi na Eastlands ni mbuzi. Soko la mbuzi na machinjio ya Kiamaiko, kando ya Huruma na Mathare, hupokea wanyama kutoka kaskazini mwa Kenya, na samadi hujikusanya pale kila siku. Punda nao wapo pembezoni mwa jiji, wakivuta mikokoteni ya maji na mizigo. Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa habari ya punda: mji wao una hospitali ya punda tangu 1987, na kila mwenye nyumba pale anajua kazi ya kufagia kichochoro.

Wanyama hawa samadi yao haifanani, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua utakavyoichanganya.

Farasi na punda upande mmoja, mbuzi upande wa pili

Mbuzi, kondoo na ng'ombe hucheua. Chakula chao hutafunwa mara mbili na kukaa tumboni muda mrefu, kwa hivyo mbegu nyingi za magugu hufa humo. Farasi na punda hawacheui. Mavi yao yana nyuzi za majani na mbegu nzima nzima. Ukiitia samadi mbichi ya punda kwenye bustani, wiki ya tatu utakuwa unang'oa magugu usiyoyapanda. Kinachoua mbegu hizo ni moto wa biwi.

Kuna jambo la pili. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji vyakula viwili: kaboni, inayopatikana katika vitu vikavu kama maranda, majani makavu na boksi, na naitrojeni, inayopatikana katika mavi, mkojo na mabaki mabichi ya jikoni. Uwiano unaofaa ni kiasi cha sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mavi ya farasi yakiwa peke yake yako karibu na hapo. Ya mbuzi yana naitrojeni zaidi, na ya kuku zaidi kuliko yote. Maranda na unga wa mbao una kaboni sehemu 200 hadi 500 kwa moja.

Hapa ndipo wengi wanapokwama na samadi ya farasi. Wanaletewa gunia wakidhani ni mavi, kumbe zaidi ya nusu ni maranda. Wanalichanganya na udongo, wanapanda, na sukuma inakuwa manjano. Sababu ni kwamba vijidudu, vikiyala maranda, huvuta naitrojeni ya udongoni, na mmea hubaki na njaa mpaka maranda yaishe kuoza.

Ukiwa na samadi ya mbuzi, basi, kitakachopungua ni vitu vikavu. Ukiwa na matandiko ya farasi, kitakachopungua ni naitrojeni. Mwenye kuyapata yote mawili na kuyachanganya ameshapata nusu ya mboji.

Kutayarisha mahali

Chagua mahali pasipotuama maji, mbali na kisima, tangi na mfereji. Maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye biwi wakati wa mvua hayafai kuingia mtoni wala kwenye mtaro wa ploti. Kaa mita kadhaa kutoka madirisha ya watu, na zungumza na jirani na landilodi kabla hujaleta gunia la kwanza. Ukiwaeleza mapema unachofanya, na baadaye ukawapa ndoo moja ya mboji kwa maua yao, hutapata ugomvi.

Biwi lisipungue mita 1 kwa urefu, upana na kimo. Likiwa dogo kuliko hapo halishiki moto, hasa Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na wenye baridi ya Julai ambayo mtu wa Pwani anaijua vizuri. Paleti nne zilizofungwa kwa waya zinafanya sanduku zuri lenye kupitisha hewa. Tazama muhuri kwenye mbao: yenye herufi HT ilitibiwa kwa joto na inafaa, yenye MB ilifukizwa kwa dawa ya sumu, iache.

Vifaa ni jembe uma, sepetu, ndoo, kipande cha nondo cha mita moja, turubai au magunia ya kufunikia, glavu na mabuti.

Kulipanga biwi

1. Chini kabisa weka vijiti na mabua, kimo cha shubiri moja, ili hewa ipite.

2. Weka tabaka la vitu vikavu, halafu tabaka la samadi, ukipokezana. Kwa samadi ya mbuzi au punda isiyo na matandiko, anza na ndoo 2 za majani makavu, nyasi kavu au boksi lililochanwa kwa kila ndoo 1 ya samadi. Kwa matandiko ya farasi yenye maranda mengi, geuza hesabu: ndoo 3 za matandiko kwa ndoo 1 ya samadi ya kuku, au ndoo 2 za samadi ya mbuzi au maganda ya jikoni. Hivi ni vipimo vya kuanzia tu. Moto wa biwi na harufu yake vitakwambia uongeze nini.

3. Mavi ya mbuzi ni gololi ngumu. Yaponde au yaloweke usiku mmoja, la sivyo utayakuta mazima baada ya miezi miwili.

4. Nyunyiza maji kila tabaka. Maji ya kuoshea mboga au ya udhu yanafaa. Ya sabuni yaache. Kipimo ni mkono: kamata konzi uibane. Ikitoka tone moja au mawili, inatosha. Yakimiminika, yamezidi. Ikisambaratika kama vumbi, ongeza.

5. Funika. Turubai huzuia mvua ya masika isiloweshe na jua la Januari lisikaushe, na huwanyima nzi mahali pa kutagia.

Kuna vitu visivyoingia: nyama, damu, mifupa na mafuta, ambavyo huita panya na mbwa, plastiki, na maranda ya mbao zilizotiwa dawa au zilizobandikwa gundi. Hili la mwisho ni muhimu Eastlands, kwa sababu maranda mengi hupatikana kwa mafundi wa fanicha wa Jogoo Road na wapasua mbao wa Gikomba. Muulize fundi alikuwa akiranda nini. Mbao mpya isiyotiwa dawa haina neno. Nguzo na mbao zenye rangi ya kijani hutibiwa kwa shaba, kromiamu na aseniki, na hizo si za kuwekea mboga.

Moto na kugeuza

Biwi lililopangwa vizuri hushika moto ndani ya siku mbili tatu. Lengo ni nyuzi 55 hadi 65 za Selisiasi. Huna kipimajoto? Chomeka nondo mpaka kati, ngoja dakika kumi, uichomoe na kuishika. Ikikushinda kuishika, moto umefika. Ikiwa vuguvugu tu, bado.

Moto huo ndio unaoua mbegu za magugu, mayai ya minyoo na vijidudu vya maradhi. Kanuni inayofuatwa Marekani kwa mabiwi ya wazi ni kubaki nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na kugeuzwa mara 5 katika muda huo. Hakuna sababu ya sisi kushusha kiwango, maana mboga zetu ndizo zile zile zinazoliwa na watoto. Kugeuza ni kuyatoa ya nje ukayaingiza ndani, kwa sababu ngozi ya nje ya biwi haipati moto kamwe. Baada ya hapo geuza kila wiki moja au mbili.

Kugeuza kuna faida nyengine. Nzi wa kawaida akitaga kwenye samadi, kukiwa na joto, anaweza kufika kuwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Ukilivunja biwi na kuliwasha upya kabla ya siku hizo, funza hupikwa humo humo.

Moto ukishapoa na usirudi hata ukigeuza, liache litulie mwezi mmoja zaidi. Biwi lenye majani na nyasi huwa tayari kwa miezi mitatu au minne. Lenye maranda mengi hutaka miezi sita, pengine zaidi. Kimo kitashuka kwa kiasi cha nusu. Mboji iliyoiva ni nyeusi, hupukutika mkononi, na hunuka udongo baada ya mvua.

Biwi likikataa

Likinuka kama mkojo mkali unaochoma macho, naitrojeni imezidi: ongeza maranda au majani makavu.

Likinuka mayai mabovu, limekosa hewa au limelowa kupita kiasi: lifumue, changanya vitu vikavu vyenye nyuzi, lipange upya.

Likikaa baridi, ama ni dogo, ama kavu, ama maranda yamezidi: libane mkononi kwanza ujue kama ni maji, kama si maji, ongeza samadi ya kuku au ya mbuzi.

Likiwa na majivu meupe ndani na moto mkali, limekauka: mwagia maji ukigeuza.

Hatari za kuchunga

Vaa glavu. Mavi ya farasi na punda yana vijidudu vya pepopunda, na kidonda kidogo cha mkono kinatosha. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda iko sawa. Hospitali zote za serikali zinaijua.

Usitie samadi mbichi kwenye mboga zinazokaribia kuvunwa. Sheria za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna mboga zinazogusa udongo. Sukuma ya gunia huanza kuchumwa kabla ya hapo, kwa hivyo kwenye gunia tumia mboji iliyoiva tu.

Jihadhari na nyasi zilizopuliziwa dawa ya magugu. Kuna dawa, kama aminopyralid, ambazo hupita tumboni mwa farasi bila kuharibika, zikapita na biwi, zikaua maharagwe na nyanya. Mwaka 2008 wakulima wa bustani Uingereza waliharibikiwa hivyo, na uuzaji wa dawa hiyo ukasimamishwa kwa muda. Kujaribu ni rahisi: panda maharagwe kwenye kopo lenye mboji yako, na mengine kwenye kopo la udongo wa kawaida. Baada ya wiki tatu, ya kwenye mboji yakijikunja majani, usiitumie kwa mboga.

Na usichote udongo mweusi wa Dandora ukadhani ni mboji, hata kama una rutuba. Jaa lile lilifunguliwa 1975 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado linapokea taka. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wa 2007 uliwapima watoto 328 wa eneo hilo, na kama nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika. Moto wa biwi huua vijidudu, lakini risasi haiozi.

Suala la najisi

Wasomaji wetu wengi wataliuliza hili, na ni haki yao. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa Pwani, kinyesi cha mnyama yeyote ni najisi, na kuoza hakukifanyi kuwa tohara. Kwa Imam Malik na Imam Ahmad, cha mnyama anayeliwa nyama, kama mbuzi, ni tohara. Cha punda ni najisi kwa wote wanne. Pamoja na hayo, wanavyuoni wa Shafi wameruhusu kutumia samadi shambani, ijapokuwa kwa karaha, na mmea uliootea humo ni tohara. Kilichoguswa na samadi huoshwa. Kwa hivyo osha mboga, badili nguo za kazi kabla ya swala, na biwi liwe mbali na mahali pa kuswalia. Ama biashara ya samadi, Shafi hawaijuzishi kama mauzo, na Hanafi wanaijuzisha. Aghalabu watu hulipana kwa kazi ya kuzoa, kwa gunia na kwa usafiri. Anayetaka kuifanya mradi amwendee sheikh wake aulize kabla ya kuanza.

Kutumia mboji

Kwa gunia, changanya sehemu 1 ya mboji na sehemu 2 au 3 za udongo. Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi; mboji huulainisha na kuufanya ushike maji. Kwa mboga zilizokwisha kuota, konzi mbili kila shina kila mwezi zinatosha.

Tusidanganyane, lakini. Gunia la mboji halilingani na gunia la mbolea ya dukani. DAP ina naitrojeni asilimia 18 na fosfeti asilimia 46. Mboji aghalabu ina naitrojeni asilimia 1 au 2. Kazi ya mboji ni kuujenga udongo wenyewe, na kwa bustani ndogo hiyo inatosha. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2022 gunia la kilo 50 la mbolea lilifika kama shilingi 6,500 kabla serikali haijaingiza ruzuku, na 2024 wakulima wakauziwa mbolea feki katika mpango huo huo wa ruzuku. Mboji uliyoigeuza kwa mikono yako unajua kilichomo.

Lililobaki kwa wenye mamlaka

Sheria zipo. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015, na Sheria ya Kitaifa ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kinachokosekana ni mahali. Mtu wa chumba kimoja Kayole hana mita moja ya mraba ya kuweka biwi, na kijana wa Kiamaiko mwenye mkokoteni hana pa kuupeleka mzigo wake ila jaani au ukingoni mwa mto. Kiwanja kimoja kilichozungushiwa uzio katika kila wadi, chenye bomba la maji na kikundi cha vijana wa kugeuza, kingepunguza mzigo wa Dandora na kuwapa kazi wale wanaozurura. Hilo halihitaji mkopo wa nje, na wawakilishi wa wadi wanaweza kuulizwa juu yake katika vikao vya bajeti vya kaunti, ambavyo kila mwananchi ana haki ya kuhudhuria.

Mpaka hapo, anayeweza na aanze na biwi moja. Paleti nne, samadi ya mbuzi, maranda safi, maji ya kiasi, na subira ya miezi michache.